Mnene Haanguki kwa Njaa

Ubao mrefu umelazwa juu ya ndoo mbili za rangi zilizokauka, na hilo ndilo benchi. Lipo kwenye kibaraza cha fundi cherehani, linatazamana na geti la zahanati, na barabara iliyo katikati ni nyembamba hivi kwamba mtu akipiga chafya ng'ambo, huku wanamwambia pole. Kila asubuhi Dada Birika huwasha jiko lake pembeni, akachemsha kahawa, na wenye benchi wakaanza kubishana kabla hata ya kikombe cha kwanza. Yupo Gazeti, karani mstaafu aliyesoma kila kitu na kukumbuka nusu yake. Yupo Njiti, mpaka rangi, mwembamba hadi mkanda wake unamzunguka mara mbili. Yupo Jaji, fundi baiskeli, ambaye hukumu zake hazina ushahidi wala rufaa. Na yupo mwenye kibaraza, fundi cherehani, mtu mnene wa haja, wanayemwita Tani. Tani hukaa katikati ya ubao, hiyo ni sheria. Siku moja alikaa pembeni, wenzake wakainuka kwa mpigo, ubao ukamtupa chini, mtaa ukacheka wiki nzima, na Tani akacheka kuliko wote. Lakini asubuhi hii cherehani ilikuwa kimya na Tani hakuwa na kicheko. Binti yake wa miaka kumi na minne alikuwa ameanguka mstarini shuleni, walimu wakambeba mpaka zahanati, na mlinzi wa geti akasema ataingia mzazi mmoja tu. Mama, aliyeitwa kutoka kazini, akaingia. Baba akaambiwa angoje nje, na nje ni hapo hapo kibarazani kwake.

— Kunywa kahawa, fundi, alisema Gazeti. — Kahawa inatuliza moyo.

— Kahawa inaamsha moyo, Jaji akamsahihisha.

— Basi inauamsha, halafu inautuliza. Kunywa.

Tani alishika kikombe tu, macho yakiwa getini.

— Alianguka vipi hasa? Njiti akauliza.

— Mwalimu anasema mkuu wa shule alikuwa anatoa matangazo. Mara akamwona anayumba. Kabla hawajamfikia, puu, chini.

— Puu! alisema Jaji. — Na uwanja wa shule haujapata ufa?

Njiti alicheka, akajidai anakohoa. Ulikuwa mzaha wa kawaida wa benchi lile. Siku nyingine Tani angeupokea kwa mikono miwili na kuuongezea chumvi, maana hiyo ndiyo kinga aliyojifunza tangu akiwa mwanafunzi wa cherehani, alipoambiwa akalie viti viwili: jicheke kwanza, wenzako wakose la kusema. Kinga hiyo alimfundisha na mwanawe. Cheka nao, mama, alikuwa akimwambia, ukicheka nao watachoka. Leo mzaha ulimfikia akaona unanuka. Jaji akajipangusa mikono yenye grisi, akasogea kidogo.

— Tusikimbilie mizaha, alisema Gazeti, akirekebisha miwani. — Mambo haya yana utaratibu. Kwanza tunafuta yale yasiyowezekana, linalobaki ndilo. Homa?

— Wamempima pale mlangoni. Hana.

— Amekunywa dawa yoyote?

— Hapana.

— Njaa?

Jaji aliangua kicheko kabla Tani hajafungua mdomo.

— Njaa! Gazeti, sasa umezeeka. Mtoto yule na njaa wamekutana wapi? Mnene haanguki kwa njaa. Ana akiba mwilini. Wewe umeshamwona ngamia akizimia eti amechelewa kula?

— Ngamia sijawahi kumwona kabisa.

— Basi usibishane na mimi. Njaa futa.

— Imefutwa, alisema Gazeti, na akapitisha kidole hewani kama anakata mstari kwenye karatasi.

Hata Tani alitikisa kichwa kukubali. Karani wa zahanati naye alikuwa amesema hivyo hivyo pale getini, mbele ya watu, huku mtoto amelegea mikononi mwa walimu: huyu tatizo lake linaonekana, apunguze mwili. Hajamgusa hata mkono. Neno lile lilikuwa bado limemkwama Tani kooni, na hakujua alimeze au alitapike.

— Mimi nitawaambia, alianza Gazeti. — Nilisoma mahali. Mafuta yakizidi, damu inakuwa nzito. Inapanda kichwani kwa taabu kama mzee kwenye ngazi, inapumzika njiani. Ikichelewa kufika, mtu chini. Ndiyo maana wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Methali hiyo ni ya kuweka akiba, alisema Njiti.

— Na mafuta ni nini kama si akiba?

— Damu haihusiki, Jaji akakata. — Huo ni upepo. Mimi natia tairi upepo mwaka wa ishirini sasa. Ukilijaza kupita kiasi, ukaliacha juani, linalia paa! Mtoto amejaa, amesimama juani. Mnataka ushahidi gani tena?

— Saa moja na nusu asubuhi kuna jua gani? aliuliza Dada Birika bila kugeuka.

— Jua ni jua, dada.

Njiti alitikisa kichwa kwa huzuni ya mtu anayejua zaidi.

— Ni godoro. Nimepaka rangi nyumba za watu wenye uwezo. Ukiona vyaelea vimeundwa: ukiona mtu amenona, ujue ameundiwa godoro. Lile laini linalokumeza. Mwili ukilala unajiachia, asubuhi haujikusanyi tena.

— Binti yangu analalia sponji iliyobonyea katikati, alisema Tani. — Anaisikia sakafu.

— Umeona sasa! Hao ndio wanaoamka wamechoka.

— Njiti, umesema laini.

— Laini ni mbaya na ngumu ni mbaya. Godoro ni godoro.

Gazeti alinyanyua kidole, maana aliona mada inamponyoka.

— Ngojeni. Kuna kitu watu hawakisemi. Kuna binadamu wanakula ndotoni. Sikieni kwanza! Mwili hauna macho, utajuaje hiki cha mezani na hiki cha ndotoni? Unapokea vyote. Ndiyo maana utamsikia mtu mnene anaapa, jamani mimi sili, na kweli mchana hali. Lakini akifumba macho, sahani kwa sahani.

— Thubutu! alisema Dada Birika. — Mimi kila nikilala naota nachota maji, na asubuhi ndoo zangu ni tupu.

— Maji ni kitu kingine.

— Kingine kivipi?

— Maji hayana mafuta.

Jaji alipiga paja. Hukumu ilikuwa imemjia.

— Mwisho wa maneno, ni ardhi. Ardhi ina uchoyo, inavuta kizito, chepesi inakiachia. Tunda bivu linaanguka, bichi linabaki mtini. Sasa ulisimamishe tunda bivu mstarini robo saa, lisianguke lina nini? Kesi imefungwa.

Tani aliwasikiliza. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na ubaya, hilo alilijua. Watu hawa ndio waliomchangia mbao za duka lilipoungua, ndio waliokesha naye alipofiwa na mama yake. Na ndio hawa wanamjadili mwanawe kama tunda, kama tairi, mita kumi na tano kutoka kitandani alikolala.

Dada Birika alimimina kikombe cha Njiti, akasimama na birika mkononi.

— Mimi si msomi, alisema. — Lakini mbona yule mtoto siku hizi alikuwa anapungua?

— Si ndiyo habari njema! Jaji akadakia. — Sisi wenyewe tulimpandisha cheo. Alikuwa Nusu Tani, tukamfanya Robo Tani. Fundi, unakumbuka siku ile?

Tani alikumbuka. Jina la Nusu Tani lilizaliwa benchini pale mtoto akiwa na miaka saba, siku aliyomletea baba yake mkasi aliousahau nyumbani. Jaji alisema, mkubwa Tani, mdogo Nusu Tani, hesabu imekaa. Tani alicheka mpaka machozi, akambeba mwanawe juu, akasema kwa sauti, karibu Nusu Tani! Kufikia jioni mtaa wote ulikuwa na jina. Kufikia mwaka uliofuata lilikuwa limefika shuleni, na lilifika kabla ya mtoto mwenyewe. Halafu wiki tatu zilizopita binti alipita mbele ya benchi, sketi inapepea, na Jaji akasimama akapiga makofi: Robo Tani! Wote wakapiga makofi. Mtoto aliinamisha uso akatabasamu, na Tani alipiga makofi kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu alikuwa hajamwona mwanawe akitabasamu mbele ya watu kwa muda mrefu sana.

Sasa lilimjia la sketi. Mwanzoni mwa muhula binti alikuja nayo dukani. Baba, nipunguzie kiuno. Tani akapitisha futi, akapunguza inchi moja na nusu. Baada ya wiki mbili akarudi. Baba, bado inashuka. Inchi mbili tena. Juzi jioni alikuja mara ya tatu, na Tani, fundi wa miaka yote ile, anayejua mteja ana mimba kabla mume hajaambiwa, alipima kiuno cha mwanawe, akaona futi imekimbia tena, inchi zimepungua, akasema nini? Alisema, mashallah, sasa unapendeza. Alisema hivyo, midomo imebana pini, anafurahi.

— Basi fundi, akitoka humo ndani umpe moyo, alisema Gazeti kwa upole wa kweli kabisa. — Mwambie asirudi nyuma. Ameshafika Robo, akaze buti. Mwanaume mnene ni heshima, watu wanasema huyu mambo yake si haba. Lakini mtoto wa kike, hebu tuambizane ukweli, nani atamchukua? Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Tani aliinuka. Aliinuka ghafla, ubao ukaruka, kahawa ya Njiti ikamwagikia suruali.

— Nani atamchukua wapi? Yeye ni mzigo? Nani kasema anataka kuchukuliwa?

— Fundi, mimi nimesema tu...

— Umesema tu! Kila mtu hapa anasema tu! Mtoto ana miaka kumi na minne, yuko humo ndani hatujui ana nini, nyie mnampimia wanaume! Yule karani mjinga pale getini hajamshika hata mkono, ameshamaliza kumtibu kwa macho. Na nyie mnamtibu kwa ndoto! Kwa godoro! Kwa tairi!

— Kaa, bwana, watu wanatazama, alisema Njiti.

— Watazame! Lini hawajanitazama? Nikila wananitazama, nisipokula wananiuliza leo kulikoni. Nikipanda gari, mtu anaweka mkoba kwenye kiti nisikae naye. Miaka kumi na tisa nakaa na nyie hapa, na kila asubuhi mnalisalimia tumbo. Tumbo hujambo, tumbo umeamkaje! Mimi mwenye tumbo mnanipita. Nani kati yenu amewahi kuniuliza nimelalaje?

Ng'ambo mlinzi wa geti alikuwa ameacha kufungua geti, anasikiliza.

— Na mimi je? Njiti alisema taratibu, akijifuta suruali. — Mimi wananiuliza nina maradhi gani. Shemeji yangu aliniombea dua mbele ya wageni. Sina ugonjwa, fundi. Ndivyo nilivyo.

— Basi wewe ungekuwa wa kwanza kunyamaza! Wewe unajua linavyochoma! Kwa nini ulipiga makofi?

Njiti akarudi kufuta suruali.

— Lakini huo ni utani, fundi, Jaji alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya hukumu. — Utani wa kwetu wenyewe.

— Utani ni wa watu wawili, Jaji. Mimi nakutania, wewe unanitania, tumemaliza. Yule mtoto alikutania lini? Angekujibu nini, wewe mtu mzima wa rika la baba yake? Akujibu aambiwe hana adabu? Kuanzia leo, nasema na mnisikie vizuri, nisimsikie mtu akilitaja jina lile kwenye kibaraza changu. Si Nusu, si Robo. Atakayelitamka, achukue ndoo yake na ubao wake aende akakae kwao!

— Sawa, alisema Gazeti.

— Sawa, alisema Njiti.

— Nimeelewa, alisema Jaji.

Tani alibaki amesimama. Alitegemea kwamba akishayasema yote atajisikia mwepesi. Haikuwa hivyo. Dada Birika aliweka birika juu ya jiko, akajifunga khanga vizuri.

— Umesema kweli tupu, fundi, alisema. — Na mimi nimo, nilikuwa nacheka huku namimina. Lakini na wewe ulikuwa unacheka. Mtoto angejuaje kwamba linauma, na baba yake ndiye anayecheka wa kwanza?

— Nilikuwa namkinga.

— Na nini?

— Na... Tani akatazama mikono yake. — Watu wakiona hujali, wanaacha.

— Waliacha?

Jaji aliivuta ndoo iliyosogea, akairudisha chini ya ubao, akaukandamiza ubao ukae sawa. Tani akakaa.

Ndipo mlango mdogo wa geti ulipofunguka, akatoka muuguzi. Alikuwa binti mdogo tu, mgeni mtaani, viatu vyeupe, ameshika karatasi iliyobanwa kwenye ubao mdogo na kalamu nyuma ya sikio. Alivuka barabara akitazama huku na huku, akasimama mbele ya benchi.

— Shikamooni. Namtafuta baba wa yule mwanafunzi aliyeanguka.

Wote walimwonyesha kwa vidole. Tani alikuwa ameshainuka.

— Ni mimi. Anaendeleaje?

— Ameamka. Tumemtundikia dripu, lakini bado hana nguvu na hataki kuzungumza. Amegeukia ukutani. Daktari anajaza fomu, kuna swali mama yake ameshindwa kulijibu. Anasema yeye ana zamu ya alfajiri kiwandani, anaondoka mtoto amelala na kurudi usiku, na anayekuwa naye nyumbani ni wewe.

— Ni kweli. Niulize.

Muuguzi alichomoa kalamu nyuma ya sikio.

— Mara ya mwisho mtoto amekula lini? Na alikula nini?

Tani alifungua mdomo kujibu, maana lilikuwa swali rahisi. Asubuhi. Asubuhi alimwekea chai na mkate, mtoto akasema nachelewa, baba, nitakula njiani, akaufunga mkate kwenye karatasi, akauingiza mkobani. Jana jioni. Jana jioni alichukua sahani yake akaenda nayo chumbani, nina mtihani, nitakula huku nasoma, na Tani alifurahi kuwa na mtoto mwenye bidii. Sahani ilirudi tupu, imeshaoshwa. Juzi hivyo hivyo. Mchana ni shuleni. Jumapili... Jumapili alisema ameshakula kwa shangazi yake. Tani alirudi nyuma siku baada ya siku, anatafuta siku moja tu aliyomwona mwanawe akitia tonge mdomoni, akalitafuna, akalimeza.

Aliwageukia wenzake. Watu hawa walikuwa wakijua anachokula mtoto na anakula kiasi gani, mezani na mpaka usingizini. Gazeti alivua miwani akaanza kuifuta kwa shati. Njiti alikuwa anaangalia barabara. Jaji alikuwa ameinama.

— Baba? alisema muuguzi. — Hata kwa kukisia tu.

— Sijui, alisema Tani.

Muuguzi akaandika hivyo hivyo.